Sahani ya Mkaguzi

"Hapana, mwanangu, hatujakunyima. Chakula kile pale mezani kimefunikwa, na sahani yako ipo. Ila Jumamosi hapa kwetu mtu hali mpaka ampigie magoti yule bwana."

Dereva akageuka kuangalia kona niliyomwonyesha. Alikuwa amekuja kuchukua kochi la bosi wake, la watu watatu, kitambaa cha kijivu. Lilikuwa bado halijapigwa vifungo vya mgongo, nikamwambia asubiri, ale na sisi. Masikini, alikuwa ameshanawa, mikono inachuruzika maji, na njaa imemkaa usoni. Anaangalia kona anaona dude limelala chali sakafuni, kichwa cha kitambaa cha maua, kifua cha ngozi bandia nyeusi, halina mikono wala miguu.

"Huyo ni nani?"

"Bwana Sponji," Fundi Mbao akamjibu. "Ndiye mwenye nyumba. Sisi wote hapa wapangaji."

Fundi Mbao ndiye anayetutengenezea fremu. Mwili mkubwa, mdomo mkubwa kuliko mwili. Mwingine ni Mama Cherehani, anayeshona vitambaa vya kuvalisha makochi, mama wa maneno machache lakini yakimtoka yanachoma. Na mimi, fundi wa makochi tangu sijaota ndevu. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililichungulia tu dirishani. Tulikuwa na mwingine wa nne, mwanangu wa kumzaa. Nitafika huko, usinikimbize.

Na mkwe wangu, mke wa huyo mwanangu, ndiye anayepika chakula cha Jumamosi. Siku nyingine kila mtu anajua tumbo lake, lakini Jumamosi tunakula pamoja. Siku hiyo ya dereva alikuwa ameshatua sufuria zake mezani, akanisalimia, "Shikamoo, baba," akaingia stoo ya vitambaa, nyuma ya pazia. Ndiyo kawaida yake. Anakunja vipande vya vitambaa huko ndani mpaka tumalize kula, anatoka, anachukua vyombo, anaondoka. Mwaka mmoja na miezi miwili hajakaa kula na sisi. Hajakaa kula na mimi, niseme ukweli.

Fundi Mbao akaanza yeye. Akapiga magoti kwa Bwana Sponji, akamtikisa mabega. "Wewe! Wewe bwana! Unanisikia?" Halafu akamnyooshea kidole Mama Cherehani: "Piga simu ya dharura, sema mtu hapumui, halafu tafuta gari!"

"Simu yangu haina chaji," akasema Mama Cherehani.

"Kila Jumamosi simu yako haina chaji. Mtu atakufa kwa ajili ya chaji yako!"

"Wewe bonyeza. Wali unapoa."

Akabonyeza. Ka! Ka! Ka! Ka! Dereva akashtuka, akaniuliza ni nini kinacholia humo ndani. Nikafurahi, maana kazi yangu hiyo. Nikamwambia, humo nimeweka springi nne za kiti, juu yake sponji ngumu, ile ya kukalia, na katikati nimetega kifuniko cha kopo la gundi. Ukibonyeza kijuujuu hakilii. Ukizamisha kina cha vidole vitatu vilivyolala, kinalia ka. Ukiachia vizuri, kinarudi. Usipoachia, nacho hakirudi, unabaki unabonyeza bubu.

"Mnamfanyia nini sasa?"

"Moyo wake umesimama," nikasema. "Tunampigia sisi, kwa mikono, mpaka wenye utaalamu wafike."

Dereva akacheka kidogo. Akaona sisi wengine hatucheki, akaacha. Akauliza, kwa adabu kabisa, "Lakini mzee, hayo si ya madaktari? Nyinyi mafundi makochi yanawahusu nini?"

Ndipo nikavuta kigoda nikakaa. Magoti yangu haya ukiyasimamisha muda mrefu yanagoma.

Nikamwambia, mwanangu, mimi nilikuwa na kijana hapa. Tulimwita Mkaguzi. Kwa nini Mkaguzi? Kochi likiisha, kabla mwenyewe hajaja kulichukua, kijana analala juu yake. Anasema, fundi gani anauza kitu ambacho hajakilalia? Akikoroma, kochi limepita. Asipokoroma tunafungua mgongo tunaanza upya. Na alikuwa anakoroma yule! Wateja walikuwa wanamkuta, wanauliza, huyu anakuja na kochi au ni wa bei yake? Fundi Mbao anawajibu, huyu tunamtoa bure, kochi ndilo la kununua.

Hata mke alimpata kwa ukaguzi wake. Huyu binti alikuwa anatuletea chakula cha kununua, siku moja mwanangu akala maharage yake akalala pale pale, sahani kifuani. Akaamka akasema, "Yamepita." Tukacheka mpaka Mama Cherehani akachomwa na sindano. Miezi minane baadaye wakaoana.

Mama Cherehani alikuwa ameshapiga magoti zamu yake. Anabonyeza huku midomo inahesabu, haangalii mtu.

Basi Jumamosi moja, nikaendelea, kochi la watu watatu kama hili lako, ila lilikuwa la kahawia. Mkwe kaleta chakula, katua, kaona ndoo ya maji ya kunywa tupu, kachukua kaenda bombani. Mwanangu asubuhi ile alikuwa amelalamika kidogo kifua kinambana, nikamwambia ni vumbi la sponji, kunywa maji. Akasema, "Baba, nakagua kidogo kabla ya kula." Akajitupa kwenye kochi. Haikupita hata dakika moja, tukasikia anakoroma.

Nikajisugua goti. Dereva akanisubiri.

Ilikuwa mikoromo ya ajabu. Anavuta moja kubwa, kwa koo, hrrr, kama anayevuta kitu kizito. Kimya. Unahesabu mpaka unasahau, anavuta nyingine. Fundi Mbao akasema, "Leo Mkaguzi kabadilisha gia." Tukacheka. Mimi nilicheka, mwanangu. Nikasema, mwacheni anakagua. Tukanawa. Mama Cherehani akampakulia sahani yake, akaifunika kwa sahani nyingine isije ikaingia nzi. Tukaanza kula. Mikoromo ikazidi kuachana, halafu ikakoma. Nikasema, hivi hivi, tonge mkononi: "Sasa kalala kweli."

Hilo neno nalisikia kila siku. Natembea nalo.

Pale alipolala mpaka pale tulipokula, ukinyoosha futi yangu ya kupimia kitambaa mara mbili, umefika. Tulikula mwanangu anakufa hapo. Tukasifia na maharage.

"Mkewe akarudi na ndoo," akasema Mama Cherehani, akinipokea maneno. Hakugeuka, yuko magotini bado. "Akaona sahani imefunikwa. Akauliza, mbona huyu hajala? Tukamwambia anakagua. Akaenda kumshika mguu amwamshe."

Ka! Ka! Ka! Akamaliza, akasimama, akajipangusa magoti.

Nikamweleza dereva yaliyofuata, kama ninavyowaeleza wote wanaokula hapa. Tulimkalisha. Tukammwagia maji. Fundi Mbao akampepea kwa lile kadibodi la kukatia kitambaa. Mama Cherehani akamsugua miguu. Tulifanya kila kitu kinachofanywa na watu wasiojua kitu. Tukampakia kwenye gari ya mteja, na hospitali wakampokea mbio, wakajitahidi, wakatoka wakatuambia hayupo.

Wiki tano baadaye akaja Sista, nesi mmoja mteja wetu, kuchukua kiti chake. Akatupa pole, akauliza ilikuwaje. Nikamwambia alikufa usingizini, anakoroma. Akaniuliza, "Alikuwa anakoroma vipi, mzee?" Nikamwigia. Hrrr. Kimya. Hrrr. Yule mama akakaa chini kwenye takataka za sponji na gauni lake jeupe. Akasema, "Mzee, kule si kukoroma. Moyo ukisimama ghafla, mtu anaweza kubaki anavuta hewa hivyo kwa dakika chache. Si usingizi, na si kupumua. Mtu ukimwamsha haamki, na hapumui sawasawa, huyo ni wa kubonyezwa kifua hapo hapo."

Nikamuuliza, angepona? Hakunidanganya. Akasema, "Sijui. Wengine hawarudi hata wakibonyezwa na bingwa. Ila kila dakika inayopita bila mtu kubonyeza, nafasi yake inapungua."

Akatufundisha siku hiyo hiyo, kwa mto wa kochi sakafuni. Kisigino cha mkono katikati ya kifua, mkono mwingine juu yake, viwiko vimenyooka, uzito wa mwili ndio ufanye kazi. Na upesi upesi, pigo mia moja mpaka mia moja na ishirini kwa dakika. Nikamwambia, mimi hizo hesabu zako siziwezi, nionyeshe kwa kupiga. Akapiga kwa kiganja. Nikachukua nyundo yangu ndogo nikapigilia misumari ya mkanda wa kubeba springi kwenye fremu, kawaida yangu tu. Akaangalia saa yake dakika nzima. Akaniambia, "Mia na kumi."

Umeelewa, mwanangu? Miaka arobaini mkono huu unapiga mia na kumi. Na kina cha vidole vitatu, kila siku nabonyeza sponji nijue imekaa au haijakaa. Mikono hii ilikuwa inajua kasi, inajua kina. Ilikuwa haijui tu pa kwenda.

Dereva alikuwa ameshasogea mwenyewe. Akapiga magoti, akaweka mikono kifuani kwa Bwana Sponji. Akabonyeza, kimya. Akabonyeza, kimya.

"Unampapasa," Fundi Mbao akamwambia. "Mchumba wako huyo?"

Akabonyeza kwa nguvu, ka. Akatabasamu kama mtoto. Halafu akasimamisha mikono akaniangalia, akaniuliza swali ambalo tangu siku ile ya hospitali hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Siku ile, mzee. Hakuna hata mmoja wenu aliyejaribu?"

Fundi Mbao akainama kuokota pini ambazo hazikuwepo. Mama Cherehani akaangalia pazia la stoo. Nyuma ya pazia vitambaa vilikuwa vinakunjwa, shwa, shwa, halafu vikaacha kukunjwa.

Jibu ninalomalizia hadithi hii lilikuwa mdomoni tayari. Hatukujua. Jibu zuri, halina makosa, kila mtu analikubali. Hata daktari siku ile alituuliza pale mlangoni hospitalini, "Kuna mtu alimbonyeza kifua?" Na mimi mkubwa wao ndiye niliyejibu. Nilisema hapana. Mkwe wangu alikuwa amesimama pembeni yangu, akaniangalia mara moja tu.

"Alikuwepo mmoja," nikamwambia dereva.

Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Mkewe. Alikuwa ameona picha ya kubonyeza kifua ukutani kliniki, siku alizokuwa anampeleka mtoto wao chanjo. Picha tu, hakuna aliyemfundisha. Aliangusha ndoo, maji yakamwagika mpaka kule, akampandia mumewe pale pale kwenye kochi, akaanza kumbonyeza. Na lile kochi, mwanangu, nilikuwa nimelifunga springi mwenyewe, najisifu nalo. Kila akibonyeza, kochi lote linazama na kurudi, mtu anarushwa rushwa kama yuko kwenye gari bovu. Alitakiwa ashushwe chini, sakafu ngumu. Mimi sikumshusha. Mimi nilipiga kelele, utamvunja mbavu mwanangu! Akasema, baba, niache. Nikamshika mikono yote miwili nikamtoa. Akasema tena, baba, niache. Sikumwacha. Nilimshika hivi, kwa nguvu, mpaka gari likaja."

Nje kulikuwa na mtu anaburuta meza.

"Niliitoa mikono yake," nikasema. "Halafu daktari akaniuliza, nikasema hakuna. Mbavu nilizozionea huruma tulizizika nzima."

Pazia likasogea.

Akatoka mkwe wangu, kipande cha kitambaa cha kijivu bado kiko mkononi. Sikuweza kumwangalia usoni, nikaangalia kile kitambaa. Akapita mbele yangu. Akamwambia dereva, taratibu tu, "Kaka, umekunja viwiko. Ukikunja viwiko utachoka kabla hujamsaidia. Nipishe nikuonyeshe."

Dereva akapisha. Mkwe akapiga magoti kwa Bwana Sponji, ambaye hajawahi kumgusa tangu nimtengeneze. Akaweka kisigino cha mkono palepale panapotakiwa. Nikajua kumbe huko nyuma ya pazia Jumamosi zote hizi alikuwa anasikiliza.

Ka! Ka! Ka! Ka!

Hakukosea hata moja. Anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, anafika thelathini anaanza tena. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jasho likaanza kumtoka, likafuata na jingine ambalo si jasho. Moja, mbili, tatu. Kilemba kikamlegea, hakukifunga. Dereva akanitazama kama anayeuliza, tumzuie? Fundi Mbao, yule wa maneno mengi, akasema kwa sauti ya chini, "Dakika mbili zimefika. Anatakiwa apokewe." Maana ndivyo Sista alivyosema, mnapokezana kila dakika mbili, mkono uliochoka haufikii kina.

Mkwe hakuacha. Ka, ka, halafu kimya, kimya, ka. Mikono ilikuwa imeshachoka. Bado anabonyeza.

Nikainuka kwenye kigoda. Nikapiga magoti upande wa pili, Mungu anajua yalivyouma. Mikono yangu ikawa juu ya mikono yake kidogo, haijamgusa. Akaiona. Mabega yakamkaza, naye akazidi kubonyeza. Nilielewa. Mara ya mwisho mikono hii kumjia hivi ilimjia kumtoa.

"Mkwe," nikamwambia. "Sikutoi. Nakupokea."

Moja, mbili, tatu.

"Nipe zamu yangu, mwanangu. Ukifika thelathini nipe."

Alihesabu mpaka thelathini. Akainua mikono, na mimi nikaweka yangu pale pale ilipokuwa yake, pana joto bado. Ka! Ka! Ka! Mia na kumi. Yeye akabaki ananihesabia, ameshika ukingo wa kile kifua cha ngozi bandia, sauti inakatika lakini haikosi namba. Nikabonyeza mpaka macho yakaona giza. Nilijua ni sponji. Nani hajui ni sponji, nimeijaza mwenyewe. Lakini nilibonyeza.

Fundi Mbao akaja kunipokea mimi. Nikakaa sakafuni, miguu nimenyoosha kama mtoto. Mkwe naye kakaa, karibu, mgongo kwenye kochi la bosi wa dereva.

Akasema, bila kuniangalia, "Siku ile, baba, ungenipokea."

Si kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira, hasira mtu unaijibu.

"Ningekupokea," nikasema. "Ningemshusha chini, nikakupokea."

Akaitikia kwa kichwa. Akajifuta uso kwa kile kitambaa cha kijivu, kisha akakiangalia. "Nimechafua kitambaa cha mtu."

"Hicho ni cha mgongoni kwa nyuma," akasema Mama Cherehani. "Ukutani. Hakuna atakayekiona." Halafu, kwa kuwa ndivyo alivyo, akaongeza, "Haya, wali umekuwa barafu. Mnataka Bwana Sponji afufuke ndiyo mle?"

Mkwe akacheka. Kicheko kidogo, kilichochanika katikati, lakini ni kicheko. Akainuka, akanipa mkono, akanivuta nami nikasimama.

Tukanawa upya, dereva kwa mara ya pili. Siku hizi hapa hatuhesabu sahani, tunahesabu watu, tena kwa macho, kila mmoja aonekane yuko macho na anaongea, ndipo vifuniko vifunuliwe. Fundi Mbao akahesabu: "Mzee. Mama Cherehani. Dereva. Mimi mwenyewe, mzuri kuliko wote." Akasita. Mkwe alikuwa anapakua. Akampa mgeni, akanipa mimi, akawapa wenzangu, akabaki na sahani moja tupu mkononi, amesimama, anaangalia lile kochi la kijivu.

Nilisogea kwenye ubao wa kukalia, nikaacha nafasi.

Akapakua kidogo, akakaa.

"Watano," akasema Fundi Mbao. Tukaanza kula.